UKAME WA KIROHO SI TALAKA

Leo naomba niweke siasa pembeni. Bajeti, vyama na vituko vya waheshimiwa vipo tu, kesho tutavikuta. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo vijana wengi wa mjini tunalo, lakini tunalibeba kama deni la dukani, kimya kimya, tukiomba asitokee mtu wa kutuuliza mbele za watu.

Nazungumzia ile hali ya Mkristo kuomba na kuona maneno yake yanaishia kwenye dari. Unafungua Biblia, macho yanasoma, akili iko kwenye foleni ya Ubungo. Unakwenda ibadani, wenzako wanalia, wewe unahesabu feni. Hujaacha imani. Hujahamia dini nyingine. Ukiulizwa "U mzima kiroho?" unajibu "Namshukuru Mungu" halafu unabadilisha mazungumzo. Lakini moyoni unajua kwamba Mungu uliyezoea kumsikia karibu ni kama amehama mtaa bila kuacha namba ya simu.

Kanisani hali hii inaitwa ukame wa kiroho. Hoja yangu ni moja tu: ukame huo si talaka. Hauthibitishi kwamba Mungu amekuacha, wala kwamba wewe umemwacha. Na njia ya kurudi karibu naye haipiti kwenye kelele zaidi. Inapita kwenye mambo madogo ya kila siku, yasiyo na mzuka wowote, ambayo mtu anayafanya akiwa bado mkavu vilevile.

Najua wapo watakaoniuliza, wewe mwandishi wa habari, teolojia umeisomea wapi? Sijaisomea. Nina shahada ya uandishi wa habari na kazi ya kuuliza maswali. Na swali ninaloliuliza ni hili: kwa nini kizazi chetu kikikauka kidogo tu kiroho kinadhani mambo yamekwisha?

Nadhani jibu liko pale tulipoanzia. Wengi wetu imani tuliipata, au tuliipata upya, shuleni. Wengine UKWATA, wengine CASFETA, wengine TYCS. Mnakumbuka makongamano ya Pasaka? Mnakumbuka mikesha ya sekondari, umeme umekatika, mnaimba mapambio mpaka sauti zinakauka, mtu anatoka pale saa kumi na moja alfajiri anaona kama anaweza kuhamisha mlima Meru kwa imani? Mimi siyadharau hayo hata kidogo. Yalitulea na yalituepusha na mengi. Lakini yalituachia kipimo kimoja ambacho hakuna aliyetuambia kwamba kina kikomo. Tulijifunza kumpima Mungu kwa msisimko. Mwili ukisisimka, Mungu yupo. Usiposisimka, kuna tatizo.

Kisha maisha yakaja. Chuo kikaisha, ukatafuta kazi mwaka mzima, ukapata, bosi akawa mkali, kodi ya nyumba ikataka miezi sita kwa mkupuo, mdogo wako akataka ada. Unarudi nyumbani saa tatu usiku umesimama kwenye daladala kutoka Posta hadi Mbagala. Ukipiga magoti unasinzia. Ule msisimko wa kongamano huupati tena, na kwa kuwa kipimo ulichonacho ni hicho kimoja, unahitimisha kwamba umekufa kiroho.

Ukimwambia mtu, utapewa moja kati ya majibu manne. La kwanza, una dhambi iliyofichika, itubu. La pili, kuna roho ya ukoo inakufuatilia, njoo ufunguliwe. La tatu, kanisa lako limepoa, hamia kwetu kwenye moto. La nne, panda mbegu, yaani toa fedha, na mbingu zitafunguka. Nawajua vijana wenye shahada zao ambao ndani ya miaka mitatu wamepitia makanisa matano, kila moja wakiingia na furaha ya mwezi wa kwanza, na kila moja wakitoka wakavu kuliko walivyoingia. Nawajua pia waliochoka na majibu hayo wakaamua kukaa nyumbani Jumapili na simu zao. Hawakugombana na mtu. Walitoweka tu, na hakuna aliyewatafuta.

Hapo ndipo ninapoliona tatizo kubwa. Hatuwapotezi vijana kwa sababu wamesoma sana, kama wazee wengine wanavyodhani. Tunawapoteza kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ukame ni sehemu ya safari.

Hebu tumwangalie Eliya, Wafalme wa Kwanza sura ya 18 na ya 19. Sura ya 18 ni mkutano wa injili usio na mfano. Mlima Karmeli, manabii 450 wa Baali upande mmoja, Eliya peke yake upande wa pili. Moto unashuka, umati unaanguka kifudifudi, na baada ya miaka mitatu bila mvua wingu dogo linapanda kutoka baharini na mvua kubwa inanyesha. Ingekuwa leo, video zake zingekuwa kwenye simu zote kabla ya jioni.

Sasa funua ukurasa unaofuata. Mtu yuleyule amekimbia vitisho vya malkia Yezebeli. Amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani mwendo wa siku moja, amekaa chini ya mti na anamwomba Mungu amuue. Mvua imenyesha nchi nzima, ukame umeingia ndani ya nabii.

Je, Mungu alimfanya nini? Msomaji wangu, soma sura hiyo taratibu utashangaa. Hakumkemea. Hakumwambia afunge siku tatu. Hakumtafutia dhambi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa kwenye makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Ndipo akatembea siku 40 hadi mlima Horebu. Kule akaulizwa anafanya nini, akatoa malalamiko yake yote. Ukapita upepo mkali, likapita tetemeko, ukapita moto, na Biblia inasema Mungu hakuwamo katika hivyo vyote. Baada ya moto ikaja sauti ya chini kabisa. Akaulizwa swali lilelile, naye akarudia malalamiko yaleyale neno kwa neno. Wala hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kufanya, akapewa msaidizi aitwaye Elisha, na akaambiwa kwamba wako wengine 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti.

Mtu aliyeuona moto wa Karmeli kwa macho yake alihitaji usingizi, chakula, nafasi ya kulalamika, kazi na mwenzake. Moto ulipita mbele yake mara ya pili, na safari hii Mungu hakuwa ndani ya moto. Sisi tunaotafuta moto mwingine kila Ijumaa tuitafakari sura hiyo.

Kama Eliya unamwona wa zamani sana, njoo karibu na wakati wetu. Mama Teresa wa Calcutta alizaliwa mwaka 1910, alianzisha shirika lake mwaka 1950, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1979, alifariki mwaka 1997 na akatangazwa mtakatifu mwaka 2016. Dunia nzima ilimwona kama mama anayeongea na Mungu kila asubuhi kama jirani yake. Mwaka 2007 zikachapishwa barua zake kwa viongozi wake wa kiroho, na watu wakapigwa na butwaa. Tangu alipoanza kazi ya kuwahudumia maskini, kwa karibu miaka 50, mama huyu hakuhisi uwepo wa Mungu moyoni mwake, isipokuwa kipindi kifupi mwaka 1958. Miaka 50! Na katika miaka hiyohiyo aliamka alfajiri, akasali, akawaosha vidonda watu waliookotwa barabarani wakifa.

Wapinga dini hawakulala. Mwandishi Christopher Hitchens, ambaye tayari mwaka 1995 alikuwa ametoa kitabu cha kumpinga Mama Teresa, aliziona barua zile kuwa ushahidi kwamba hata yeye alikuwa amegundua hakuna mtu upande wa pili. Nakiri kwamba hoja hiyo haipaswi kuchekwa. Kijana aliyesoma lazima ajiulize, je, ukimya huu maana yake ni kwamba naongea peke yangu?

Mimi jibu langu ni hili. Ukimya peke yake hauthibitishi upande wowote. Baba akinyamaza mezani inaweza kuwa amekasirika, inaweza kuwa anafikiri, inaweza kuwa anakusikiliza. Lakini angalia barua zile zinavyolia. Ni za mtu anayemkosa mtu. Aliyegundua kwamba hapakuwa na mtu tangu mwanzo hupanga mizigo yake akaondoka, hakai miaka 50 akiumia kwa kutokuwepo kwake. Kiu ile inayokufanya usome makala hii mpaka hapa, ndugu yangu, nayo ni aina ya sala. Asiyejali hasumbuki.

Hilo la kujali na kutojali si langu. Aliliandika Mhispania mmoja, Yohane wa Msalaba, ambaye mwezi Desemba mwaka 1577 alifungwa na watawa wenzake wa Karmeli mjini Toledo kwa sababu ya ugomvi wa kulirekebisha shirika lao. Alikaa miezi kama tisa kwenye chumba kidogo chenye giza, na humo gerezani akatunga mashairi ya kiroho ambayo mpaka leo yanasomwa duniani. Alitoroka Agosti mwaka 1578. Huyu alijua ukame. Alitoa dalili tatu za kuutofautisha ukame wa kweli na uvivu wa kawaida. Kwanza, mambo ya Mungu hayakupi ladha, lakini na starehe nyingine za dunia nazo hazikupi ladha. Pili, unahangaika moyoni ukidhani unarudi nyuma. Tatu, huwezi tena kutafakari kwa namna uliyozoea hata ukijilazimisha. Kama Mungu hana ladha ila mechi ya Simba na Yanga, baa na mitandao vina ladha kama kawaida, huo labda si ukame. Huko ni kupenda kitu kingine, na dawa yake ni tofauti.

Hapa naomba niseme jambo zito kwa uzito wake. Wakati mwingine kinachoitwa ukame wa kiroho ni ugonjwa. Usingizi umeharibika, chakula hakipiti, hufurahii chochote wiki baada ya wiki, unaanza kuona heri ufe. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika hospitalini. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Eliya naye aliomba kufa, na huduma ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya mwili. Mchungaji mwenye hekima atakuombea, kisha atakusindikiza hospitali. Anayekwambia utupe dawa, mkimbie.

Sasa tuje kwenye lile swali la sababu. Ignasi wa Loyola, mwanajeshi aliyejeruhiwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521 na baadaye akaanzisha shirika la Wajesuiti, aliandika mwongozo wa mazoezi ya kiroho ambao Papa Paulo wa Tatu aliuidhinisha mwaka 1548. Ndani yake anataja sababu tatu za ukame. Moja ni uzembe wetu wenyewe katika sala. Nyingine ni majaribu, ili ionekane tutamtumikia Mungu kiasi gani bila malipo ya faraja. Ya tatu ni ili tujue kwamba faraja ni zawadi, hatuitengenezi sisi. Kwa hiyo wanaosema "angalia dhambi zako" hawajakosea kabisa. Ukijichunguza ukaikuta, itubu, usiipambe. Lakini hiyo ni sababu moja kati ya tatu. Ukijichunguza kwa unyoofu usiikute, acha kujichimba kama mtu anayetafuta Tanzanite sebuleni.

Kwenye mwongozo huohuo kuna kanuni ambayo ningetamani ibandikwe kwenye kila bweni la chuo. Wakati wa ukame usibadilishe maamuzi uliyoyafanya wakati wa nuru. Usivunje uchumba kwa sababu huhisi amani wiki hii. Usihame kanisa. Usiache sala uliyoizoea. Usijitangaze huamini tena, na usijitangaze nabii. Kaa kwanza. Nyumba haiuzwi usiku wakati umeme umekatika.

Mtaniuliza, na wewe je? Upo mwaka ambao kazi yangu ya dawati la habari ilinipeleka kwenye ajali na misiba mfululizo. Jumapili nyingi nilikuwa zamu. Asubuhi moja nilisimama kando ya barabara ya Morogoro nikiandika majina ya waliofariki kwenye basi, moja baada ya jingine, na umri wao. Tangu siku ile sala yangu ikakatika. Sikuwa na hasira na Mungu. Maneno yalikuwa hayaji, basi.

Pale ofisini tulikuwa na mhariri msanifu mmoja, mtu mzima, Mkatoliki, ambaye kila siku alipitia Misa ya asubuhi kabla ya kuja kazini. Siku moja aliniambia tu, "Dogo, kesho njoo tuongozane, halafu tutakunywa chai." Mimi ni Mlutheri, nilikwenda nikakaa nyuma kabisa. Nusu saa ilikwisha. Hakuna aliyeniambia ninyanyue mikono wala nimwambie jirani yangu chochote. Bibi wawili watatu na vitenge vyao, wafanyakazi wachache wenye haraka, sala zilezile za jana. Tukatoka, tukanywa chai na chapati, tukaongea mambo ya mpira. Nilikwenda tena, na tena. Hakuwahi kuniuliza kama nimeguswa.

Sikuguswa. Lakini kidogo kidogo niligundua kwamba sala inaweza kunibeba mimi wakati siwezi kuibeba. Na jioni nikaanza kusoma Zaburi moja moja, kwa mpangilio, bila kuchagua za furaha. Nilipofika ya 88 nilisimama. Zaburi hiyo inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Haina ule mstari wa mwisho wa kusema sasa mambo ni mazuri. Na bado waliokusanya Biblia waliiacha humo, ikaimbwa hekaluni. Nikajiambia, kumbe hata hali yangu hii ina ukurasa wake! Kumwambia Mungu kwamba simsikii, nako ni kusali. Nilianza kumwambia hivyohivyo. Miezi ikapita. Hakuna moto ulioshuka. Ila ilitokea asubuhi, niko kwenye mwendokasi, nikajikuta namshukuru kwa jambo dogo bila kujilazimisha, na nikajua kisima hakikuwa kimekauka, maji yalikuwa yameshuka chini tu.

Rafiki zangu wasomi wana pingamizi moja ambalo linastahili jibu. Wanasema kusali bila kuhisi ni unafiki, bora kuacha mpaka hisia zirudi. Jamani, mama anayeamka saa tisa usiku kumnyonyesha mtoto anayelia, mnadhani wakati ule anahisi mapenzi matamu? Anahisi usingizi. Je, ni mnafiki? Ule ndio upendo wenyewe ukiwa kazini. Mnafiki ni yule anayejionyesha ana kitu asichokuwa nacho. Ukija mbele za Mungu mkavu ukamwambia u mkavu, hapo umesema kweli kuliko wengi wanaoangushwa kila wiki.

Kwa hiyo tufanye nini? Nitasema machache, tena ya kawaida mno, kwa kumfuata Eliya.

Anza na mwili. Lala. Vijana wa mjini tunakesha na simu mpaka saa nane halafu tunalaumu shetani kwamba asubuhi hatuwezi kusali. Pumzisha simu chumba kingine, hata kama chumba kingine ni ndoo ya unga jikoni.

Chagua muda mfupi na usioyumba. Dakika kumi za kila siku zinashinda mkesha mmoja wa mwezi. Kama huna maneno, tumia ya wengine. Zaburi ziko 150, moja kwa siku zinakufikisha miezi mitano. Sala ya Baba Yetu ikisemwa polepole kituo hadi kituo ndani ya daladala ni sala kamili. Meza ya Bwana usiikimbie kwa sababu huhisi kustahili. Hakuna anayeiendea kwa kustahili.

Lalamika mbele zake, usilalamike pembeni yake. Kuna tofauti kubwa kati ya mke anayemwambia mumewe "mbona umebadilika" na yule anayewaambia majirani tu. Wa kwanza bado yuko ndani ya ndoa.

Fanya kazi ya kumsaidia mtu mmoja. Kuna mgonjwa wodini hana wa kumletea uji. Kuna mtoto wa jirani hajui hesabu. Mama Teresa hakumhisi Mungu kwenye sala, lakini hakuacha kumhudumia kwa wale aliowaokota. Ukame hupenda mtu anayejitazama mwenyewe mchana kutwa.

Na mwisho, tafuta mwenzako mmoja. Si umati. Mmoja.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu historia yetu wenyewe ya Afrika Mashariki inalo. Bibi yangu kule Kagera ni mtu wa Uamsho, wale walokole wa zamani wanaokaa kwenye vikundi vidogo na kuelezana mioyo yao bila kuficha. Nilipofuatilia Uamsho ule ulianzaje, nilitegemea kukuta mkutano mkubwa. Nilichokikuta ni mtu mmoja aliyekauka. Dakta Joe Church, Mwingereza kijana, alikuwa tabibu wa misheni Gahini, Rwanda, wakati nchi ile ilipopigwa na njaa kali ya mwaka 1928 na 1929. Watu walikufa mbele yake. Septemba mwaka 1929 akaenda Kampala kupumzika, amechoka mwili na roho. Pale Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, aliyekuwa naye na kiu ya kumjua Mungu zaidi. Wawili hao wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Huo ndio ukawa mmoja wa mianzo ya moto uliowaka Gahini na kuenea Uganda, Kenya na huku kwetu Tanganyika kupitia Bukoba, ukabadilisha makanisa na familia hadi ukamfikia bibi yangu kijijini.

Tuwaze kidogo. Kama Nsibambi angemwambia yule daktari kwamba ukavu wake ni ishara ya laana, akapande mbegu arudi wiki ijayo, tungekuwa na habari gani ya kusimulia leo? Hakufanya hivyo. Alifungua Biblia, akakaa naye.

Viongozi wa makanisa mnaosoma hapa, nawaomba jambo moja kwa heshima zote. Wafundisheni vijana ukame kabla haujawafika, kama mnavyowafundisha ndoa kabla ya kuoa. Waambieni kwenye kongamano la Pasaka, katikati ya shangwe, kwamba itakuja siku hawatasikia kitu, na siku hiyo wasikimbie. Mtaokoa wengi.

Na wewe kijana mwenzangu unayehesabu feni ibadani, endelea kukaa kwenye benchi hilo. Hapo ulipo Eliya alipita, Mama Teresa alikaa karibu miaka 50, na wako wengine 7,000 usiowajua. Jumapili ijayo geuka pembeni umtazame aliyekaa karibu nawe bila kuimba. Ibada ikiisha, mwalike chai.

Naomba kutoa hoja.